Jinsi ya Kupata Mada ya Utafiti wa Fizikia Inayojibika

Orodha ya mambo yanayotafitiwa leo katika fizikia haichukui muda kuipata: maada ya giza, nishati ya giza, mawimbi ya graviti, nyutrino, kompyuta za kwanta, supakondakta, seli za jua za perovskaiti, muungano wa nyuklia. Ugumu ni kwamba yote hayo ni majina ya nyanja, na kinachotafitiwa siku zote ni swali. Mwanafunzi anayeandika katika pendekezo lake kwamba atatafiti maada ya giza bado hajasema atafanya nini, atapima nini, wala atajuaje kwamba amemaliza. Mwongozo huu unamlenga mtu aliyekwisha kupata msingi wa shahada ya kwanza na ambaye sasa anatakiwa kutoka kwenye jina la uwanja hadi kwenye swali linaloweza kubeba tasnifu au makala.

Swali linalofaa hutambulika kwa mambo matatu. Linataja kiasi kinachoweza kupimwa au kukokotolewa. Jibu lake linaweza kuja kinyume cha matarajio ya mtafiti. Na data, vifaa au hesabu zinazohitajika ziko mahali anapoweza kuzifikia kabla ya muda wake kwisha. Hilo la tatu ndilo husahaulika zaidi, hasa na wale waliovutiwa na habari za magazetini, kwa sababu habari hizo hueleza ugunduzi bila kueleza kwamba nyuma yake walikuwapo watu elfu moja na kifaa kilichojengwa kwa miaka ishirini.

Anza pale vipimo vinapogombana

Njia ya uhakika zaidi ya kupata swali hai ni kutafuta kiasi kimoja kilichopimwa kwa njia mbili zikatoa majibu yasiyolingana. Mfano unaojulikana sana ni kasi ya kutanuka kwa ulimwengu. Setilaiti ya Planck, kwa kuchunguza mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, ilitoa mwaka 2018 thamani ya kilomita 67.4 kwa sekunde kwa kila megapaseki (kipimo cha umbali kati ya galaksi), ikiwa na kadirio la kosa la 0.5. Kikundi cha Adam Riess, kinachopima umbali kwa nyota aina ya Sefeidi, ambazo mng'ao wake hupanda na kushuka kwa mpangilio, na kwa milipuko ya nyota iitwayo supanova, kilitangaza mwaka 2022 thamani ya 73.0, kosa likiwa karibu 1. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoweza kuelezwa kwa bahati tu. Wendy Freedman na wenzake, ambao hutumia pia nyota majitu mekundu kupima umbali, wamekuwa wakipata thamani za karibu 70, yaani katikati ya pande hizo mbili, jambo linalozidi kuifanya picha iwe ngumu.

Sasa angalia jinsi mgogoro huo mmoja unavyogawanyika. Mwenye mwelekeo wa nadharia anaweza kuuliza ni kiasi gani cha nishati ya ziada kingehitajika kabla ya atomu za kwanza kuundwa ili thamani ya Planck ipande, na kama nyongeza hiyo haitaharibu vipimo vingine vinavyokubaliana vizuri hadi sasa. Mwenye mwelekeo wa takwimu anaweza kuchukua mkusanyiko wa supanova uitwao Pantheon+, wenye supanova 1,550 na uliowekwa wazi kwa umma, akaangalia jinsi matokeo yanavyobadilika pale anapoondoa sehemu fulani ya data au anapobadilisha namna ya kusahihisha athari ya vumbi. Maswali haya mawili yanatoka katika uwanja uleule, lakini hayahitaji ujuzi uleule, na mtu anayejijua atachagua moja badala ya kuyabeba yote.

Hakikisha mgogoro bado upo

Hapa inafaa kutua kidogo, kwa sababu ndipo miaka ya watu inapopotea. Mgogoro kati ya kipimo na nadharia ni imara kwa kadiri pande zote mbili zilivyo imara, na mara nyingi msomaji hukagua upande wa kipimo tu. Kisa cha muoni kinafundisha hili vizuri kuliko maelezo yoyote ya jumla.

Muoni ni chembe inayofanana na elektroni lakini yenye tungamo kubwa zaidi ya mara mia mbili, na usumaku wake unaweza kupimwa kwa usahihi wa ajabu. Vipimo vya Brookhaven, maabara ya Marekani, vilivyokamilika miaka ya mwanzo ya 2000, vilitofautiana na hesabu za Modeli Sanifu, yaani nadharia inayokubalika ya chembe za msingi. Pete ya sumaku iliyotumika huko ilihamishiwa Fermilab, maabara nyingine ya Marekani, mwaka 2013, na Aprili 2021 matokeo ya kwanza ya Fermilab, yakiunganishwa na yale ya Brookhaven, yalionyesha tofauti ya mikengeuko sanifu 4.2. Makala za kinadharia zikamiminika kueleza chembe mpya zilizoweza kuwa chanzo. Wengi wa waandishi wake hawakuipa uzito makala nyingine iliyochapishwa siku ileile, ambamo kikundi kiitwacho BMW kilikokotoa sehemu ngumu zaidi ya hesabu, yaani mchango wa kwaki na gluoni (chembe zinazounda protoni na nyutroni), kwa kutumia kompyuta kubwa badala ya kutegemea data za migongano ya elektroni na positroni. Jibu lao lilikuwa karibu zaidi na kipimo. Mwaka 2023 jaribio la CMD-3 la Novosibirsk, Urusi, lilitoa data za migongano zisizolingana na zile za zamani, na kufikia mwaka 2025 kundi la wananadharia wanaosimamia hesabu hiyo lilihamia kwenye matokeo ya kompyuta. Fermilab ilipotoa jibu lake la mwisho Juni 2025, kwa usahihi wa sehemu 127 kwa bilioni, hapakuwa tena na tofauti ya maana kati ya kipimo na nadharia.

Aliyekuwa ameanza tasnifu mwaka 2022 juu ya chembe mpya inayoeleza usumaku wa muoni alijikuta anaeleza kitu ambacho hakihitaji tena kuelezwa. Lakini swali halikufa lote, lilihama. Leo kinachosumbua ni kwa nini majaribio ya migongano yanapingana yenyewe kwa yenyewe, na hilo ni swali zuri, ingawa halina mvuto wa chembe mpya. Kwa hiyo kabla ya kujifunga kwenye mgogoro wowote, tafuta makala ya hivi karibuni inayoupinga, kisha jiulize kama unaweza kueleza hoja zake kwa haki. Ukishindwa kuzieleza, bado hujaujua uwanja huo vya kutosha kuchagua ndani yake.

Namna ya kusoma kabla ya kuchagua

Makala nyingi za fizikia huwekwa kwenye hifadhi ya arXiv, iliyoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991, kabla au sambamba na kupelekwa kwenye majarida. Kuzisoma hakuna malipo, lakini kumbuka kwamba huko hakuna uhakiki kamili wa wataalamu. Kuna uchujaji wa juujuu tu. Tazama kama makala ina toleo la pili au la tatu na ni kitu gani kilibadilika, kwa kuwa marekebisho ya kimyakimya katika jedwali la makosa huweza kusema mengi kuliko ikisiri yote.

Usianze na makala mpya kabisa. Anza na makala ya mapitio ya uwanja, ile inayokusanya kazi za miaka kumi au zaidi, na katika fizikia ya chembe anza na mapitio yanayotolewa na Particle Data Group, ambayo hueleza pia jinsi wastani wa vipimo ulivyopatikana. Ukishaipata makala moja unayoona ni ya msingi, nenda mbele badala ya kurudi nyuma: tumia hifadhidata za makala, yaani INSPIRE kwa fizikia ya chembe au ADS ya NASA kwa unajimu wa kisayansi, uone ni nani ameitaja tangu ilipochapishwa, na hasa ni nani ameitaja ili kuisahihisha. Sehemu ya hitimisho, pale waandishi wanaposema kitu fulani kimeachwa kwa kazi ya baadaye, hutoa maswali mengi ya bure. Hata hivyo uwe mwangalifu, maana baadhi ya hayo yameachwa kwa sababu waandishi walijaribu yakawashinda.

Katika fizikia tumizi, tafuta palipoziba

Fizikia tumizi haiendeshwi sana na migogoro ya vipimo. Inaendeshwa na kikwazo kinachozuia kitu kinachofanya kazi maabara kisitoke nje, na kazi ya mtafiti ni kukijua kikwazo hicho kwa jina lake halisi. Seli za jua za perovskaiti, aina ya fuwele inayofyonza mwanga, ni mfano mzuri. Mwaka 2009 zilibadilisha asilimia 3.8 tu ya nishati ya mwanga kuwa umeme. Leo seli za maabara zimepita asilimia 26, na zile zinazoweka perovskaiti juu ya silikoni zimepita asilimia 34, kiwango ambacho seli ya tabaka moja haiwezi kukifikia kwa mujibu wa ukomo uliokokotolewa na Shockley na Queisser mwaka 1961. Anayeamua leo kutafiti jinsi ya kuongeza ufanisi kwa nusu asilimia anashindana na vikundi vikubwa vyenye vifaa vya gharama kubwa. Kikwazo chenyewe kimehamia kwenye uthabiti: seli hizi hudhoofika kwa joto, unyevu na mwanga, ilhali paneli za silikoni huuzwa zikiwa na dhamana ya miaka 25.

Uthabiti nao ni jina la eneo tu, kwa hiyo endelea kuchimba. Inajulikana kwamba perovskaiti iliyochanganywa iodini na bromini hujitenga inapomulikwa, sehemu zenye iodini nyingi zikikusanyika pamoja, na kwamba hali hiyo hurudi ilivyokuwa seli ikiwekwa gizani. Hapo unaweza kuuliza kasi ya kujitenga inategemeaje halijoto, ukubwa wa chembechembe za fuwele au nguvu ya mwanga. Hili linapimika kwa spektromita ya kawaida, leza na kifaa cha kudhibiti joto. Ikiwa unataka kulinganisha na vigezo vya viwandani, jaribio la unyevu na joto hufanyika kwa nyuzijoto 85 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000, na mtu aliyepanga ratiba ya miezi mitatu anapaswa kuzihesabu saa hizo kabla hajaahidi lolote.

Kompyuta za kwanta ziko katika hali inayofanana. Desemba 2024 watafiti wa Google walionyesha, kwa chipu yao ya Willow yenye kyubiti 105 (vipande vya msingi vya habari ya kwanta), kwamba kosa la kyubiti ya kimantiki, yaani moja inayoundwa na kyubiti nyingi zinazolindana, hupungua kwa zaidi ya nusu kila gridi ya kyubiti hizo inapokuzwa kutoka 3 kwa 3 hadi 5 kwa 5, kisha 7 kwa 7. Huwezi kujenga chipu hiyo chumbani kwako. Unaweza lakini kuiga misimbo ya kusahihisha makosa kwa programu huria kama Stim kwenye kompyuta ya mkononi, na ukauliza nini hutokea makosa yanapokuja kwa pamoja, kwa mfano baada ya mnururisho wa anga za juu kuipiga chipu, badala ya kuja moja moja kama nadharia rahisi inavyodhani.

Katika nyanja hizi tumizi jifunze kusoma tarakimu kwa mipaka yake. Tarehe 5 Disemba 2022 leza za maabara ya Lawrence Livermore zilipeleka megajuli 2.05 kwenye kidonge cha haidrojeni nzito, na muungano wa nyuklia ukatoa megajuli 3.15. Hilo ni jambo kubwa kweli, ila leza zenyewe zilivuta karibu megajuli 300 kutoka kwenye gridi ya umeme. Tarakimu zote tatu ni sahihi, na kila moja inajibu swali lake.

Jinsi ya kushughulikia tangazo kubwa

Julai 2023 watafiti wa Korea Kusini waliweka arXiv makala iliyodai kwamba kampaundi waliyoiita LK-99, yenye risasi, fosfeti na shaba kidogo, ni supakondakta katika joto la kawaida la chumba na shinikizo la kawaida. Video ya kipande kilichoinuka nusu juu ya sumaku ilisambaa upesi. Msomaji mwenye msingi alikuwa na maswali mawili ya kuuliza papo hapo: je, ukinzani umefika sifuri kweli, au umeshuka tu? Na je, maada hiyo inausukuma uga sumaku nje ya mwili wake, au inavutwa upande mmoja na kusimama kama sumaku ya kawaida inavyoweza kufanya?

Ndani ya wiki chache majibu yalipatikana. Kushuka kwa ukinzani karibu na nyuzijoto 104 kulitokana na uchafu wa salfaidi ya shaba, ambayo hubadilisha muundo wake katika halijoto hiyohiyo. Kuinuka nusu kulielezwa kwa usumaku wa kawaida. Na watafiti wa taasisi ya Max Planck huko Stuttgart walipokuza fuwele safi isiyo na salfaidi hiyo, waliona kwamba ni kihami, haipitishi umeme kabisa. Ninachokisifu katika kisa hiki ni kazi ya waliorudia jaribio. Kurudia tangazo la mwingine kwa uangalifu, ukitafuta chanzo cha kawaida kinachoweza kuzaa dalili ileile, ni utafiti kamili unaochapishika, na kwa maabara ndogo huenda ndio unaolipa zaidi.

Kwa mwananadharia

Anayefanya nadharia tupu hana kipimo cha kumkatalia mara moja, kwa hiyo anahitaji kitu kingine cha kumbana. Kitu hicho huwa ni hesabu yenye jibu linalojulikana mahali fulani, hata kama halijulikani kwingine. Fumbo la habari inayopotea katika mashimo meusi, lililotokana na kazi za Stephen Hawking za miaka ya 1970, lilibaki kwa muda mrefu kuwa mjadala wa maneno na misimamo. Mwaka 1993 Don Page alilipa umbo la mchoro: ikiwa habari haipotei, entropia ya mnururisho unaotolewa na shimo jeusi lazima ipande kisha ishuke. Tangu hapo mtu aliweza kuambiwa kokotoa mchoro huu, na mwaka 2019 vikundi viwili viliukokotoa katika modeli rahisi kuliko ulimwengu halisi. Fumbo halijaisha, lakini hatua hiyo inaonyesha mwelekeo: tafuta kiasi kimoja ambacho pande zinazobishana zingekitabiri tofauti, kisha tafuta modeli nyepesi kabisa ambamo kinakokotoleka.

Jaribu mkono kabla ya kuandika pendekezo

Chagua tokeo moja lililothibitishwa katika eneo unalolifikiria, ulizalishe upya wewe mwenyewe. Kwa mawimbi ya graviti hili ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Vituo viwili vya LIGO, vifaa vya kunasa mawimbi hayo vilivyoko Hanford na Livingston nchini Marekani, vyenye mikono ya kilomita 4, vilinasa wimbi la kwanza tarehe 14 Septemba 2015, na data zake zimewekwa wazi kwa yeyote. Pakua sekunde 32 za data zinazozunguka tukio hilo kutoka kila kituo. Ukizichora zilivyo hutaona kitu, kwa sababu mtikisiko wa ardhi katika masafa ya chini umefunika kila kitu. Kadiria kwanza wigo wa kelele, ugawanye data kwa wigo huo ili masafa yote yawe na uzito sawa, halafu bakiza masafa kati ya hezi 35 na 350. Geuza alama ya data za kituo kimoja (chanya iwe hasi), isogeze kwa takribani milisekunde 7, ambao ndio muda wimbi lilivyotangulia kufika Livingston kabla ya Hanford, na uiweke juu ya nyingine. Kwa takribani sehemu ya tano ya sekunde mistari miwili itapanda pamoja, ikitetemeka haraka zaidi na zaidi kutoka hezi 35 hadi karibu 250, kisha itanyamaza. Hayo ni mashimo meusi mawili, yenye tungamo la takribani Jua 36 na 29, yakiungana.

Zoezi hilo si utafiti, ila litakuonyesha mambo ambayo makala hayakuambii: kwamba uchaguzi wa namna ya kukadiria kelele hubadilisha sura ya wimbi, na kwamba sehemu ya mwisho, pale shimo jipya linapotulia, ni fupi na dhaifu mno. Kutoka hapo maswali hujileta yenyewe. Wimbi lililonaswa Januari 2025 lilikuwa safi zaidi kuliko lile la kwanza, na lilitumika kupima kanuni ya Hawking kwamba eneo la uso wa shimo jeusi halipungui. Je, matokeo ya namna hiyo yanategemea kiasi gani wakati mtafiti anaoamua kwamba kutulia kumeanza? Swali hili lina kiasi, jibu lake linaweza kukukatalia, na data zipo wazi. Zoezi la namna hiyo linawezekana pia kwa data za maabara ya chembe ya CERN zilizowekwa wazi na kwa orodha ya mwaka 2022 ya Gaia, chombo cha anga cha kupima nyota, yenye nyota karibu bilioni 1.8.

Usipoweza kulizalisha tokeo linalojulikana baada ya juhudi ya kutosha, usilione kuwa ni jambo la aibu wala usilifiche. Huenda una upungufu wa ujuzi unaotibika, au makala ya awali imeacha kueleza hatua fulani, na vyote viwili ni heri uvijue sasa.

Baada ya hapo andika ukurasa mmoja, si zaidi. Uwe na swali katika sentensi moja, thamani inayojulikana leo pamoja na kosa lake, makala inayounga mkono matarajio yako na ile inayoyapinga, chanzo cha data au kifaa, na tokeo ambalo likitokea utakubali kwamba dhana yako haikuwa sahihi. Mpelekee msimamizi wako ukurasa huo kabla ya pendekezo refu, na umwombe akuonyeshe mstari ulio dhaifu kuliko yote. Akikwambia swali ni pana, punguza idadi ya viasi unavyotaka kupima na ubakize usahihi uliokusudia. Akikwambia limekwisha kujibiwa, mwombe jina la makala, uisome sehemu yake ya makosa, na uangalie ni kosa gani kubwa zaidi walilobaki nalo, kwa kuwa mara nyingi swali lako jipya limo humo.